Kitambaa cha Shangazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokuwa tukishusha mtumbwini vyungu vya kijijini kwetu Ikombe, kwenye ufukwe wa Matema, tukauze sokoni, nikacheka kicheko kinachonichoma hadi leo.

Shangazi yangu, aliyenifundisha kufinyanga, alikuwa amekatwa titi moja kwa sababu ya saratani. Upande ule alijaza kitambaa ndani ya blauzi. Alipoinama kunyanyua chungu, kitambaa kikachomoka, kikaelea majini mbele za watu. Nikacheka, na wenzangu wakaniunga mkono. Shangazi aliniachia vyungu vyake nimuuzie, akajikunyata mtumbwini mpaka tulipoondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena soko. Mama aliposikia aliniambia, "Ugonjwa ulimwachia uhai. Wewe umemnyang'anya soko."

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi. Tulikaa kikao cha familia kule kijijini Ngana kwa ajili ya Tumaini, yule mwalimu, binti wa marehemu kaka yangu. Naye alikatwa titi. Amepona, na madaktari wamemweleza kwamba siku hizi wanaweza kumtengenezea jingine kwa ngozi na nyama ya tumbo lake mwenyewe. Ni upasuaji mkubwa, si wa kila mtu, lakini wamempima wakaona anafaa. Basi mdogo wangu wa kiume akabetua midomo: "Urembo tu huo! Ana watoto watatu, titi la nini tena?"

Mwanangu, damu ilinichemka! Nikamwambia, "Toa kwanza hayo meno ya bandia uliyowekewa Mbeya, uyaweke hapo mezani, ndipo tuendelee na kikao."

Akachukua ndizi mezani, akaanza kuimenya. Tumaini akasema taratibu, "Shangazi, nimechoka kujaza vitambaa."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Mwanamke akitaka kutengenezwa, msindikize hospitali. Akitaka kubaki alivyo, mheshimu vilevile. Hayo ni ya kuamua yeye baada ya kuongea na daktari wake, si ya wanaume wanaomenya ndizi kikaoni. Na usithubutu kumcheka. Mimi nitakwenda na Tumaini, nimbebee nguo zake, na akipona nitamshika mkono twende sokoni Matema mchana kweupe. Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na akunyime kicheko kama kile changu.