Kahawa ya Kutafuna Dirishani

Nilikwenda kupimwa uvimbe kwenye titi, nikaulizwa mimi ni nini. Si nani. Nini!

Ilikuwa zahanati moja mjini Bukoba. Tulitoka kijijini kwetu Nshamba asubuhi, mimi na mama, maana uvimbe ulishafika ukubwa wa harage na nilikuwa naogopa kweli. Nilivaa shati la marehemu baba na hereni zangu. Sijioni mwanamume, sijioni mwanamke, na kuomba radhi kwa hilo niliacha zamani.

Nesi wa mapokezi alishika kalamu juu ya kadi. "Me au Ke?"

"Hakuna hata kimoja. Nina uvimbe."

Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Foleni nzima ikanigeukia. "Basi nenda kaamue kwanza, ndipo uje utibiwe."

Khaa! Nikakaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake. "Sibanduki hapa," nikamwambia. "Uvimbe wenyewe haukuniuliza, umekuja tu."

Wagonjwa wakapita mmoja mmoja mpaka saa sita. Mama yangu, mkulima wa migomba na mwanakwaya wa Kilutheri, alikaa ameinamisha macho sakafuni. Nikadhani anaona aibu, nikamkasirikia na yeye. Kumbe! Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, ile ambayo kwetu mgeni hupewa mara tu anapoketi. Akaenda dirishani, akainama kidogo, akamnyooshea nesi kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Wewe ni Mhaya, unajua. Mtu akibisha hodi anapewa kahawa kwanza, maswali baadaye. Huyu wangu amebisha hodi tangu asubuhi."

Nesi alizitazama zile punje. Kuzikataa kungekuwa kumkataa mama mbele ya foleni nzima, na hakuna Mhaya anayethubutu. Akachukua mbili, akatafuna amenuna. Kisha akanisukumia kadi, nikaingia kwa daktari. Uvimbe ulitolewa wiki iliyofuata.

Siku ile, njiani kurudi, nilimuuliza mama, "Kumbe unanielewa?"

"Sikuelewi hata kidogo," akasema. "Nilitaka upone."

Nimepona. Kadi ninayo, na penye jinsi hapajaandikwa kitu hadi leo. Anayetaka kupajaza anikute kwenye benchi.