Mwezi wa Jumapili

Mwanamkasi binti Mwinyijuma alikuwa na siku mia na tano ndani ya eda, na zilizobaki alizijua moja moja. Hakuna aliyemtuma ahesabu. Kuhesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu utotoni, ingawa Bagamoyo nzima ilidhani kazi hiyo ni ya kaka yake, Bwanaheri, muadhini, ambaye nikikwambia hakujua saba mara nane ni ngapi utadhani namsingizia. Sauti alijaaliwa, hilo simnyimi. Lakini lile jedwali la nyakati za sala lililobandikwa kila mwezi mlangoni pa msikiti, lenye jina lake chini kwa wino mwekundu, liliandikwa na dada yake uani, kati ya jungu la wali na kamba ya nguo.

Ilimu yenyewe aliachiwa na baba yao, Maalim Mwinyijuma. Mzee huyo alikuwa mtu wa falaki, yaani ilimu ya jua, mwezi na nyota, na alitaka sana kumfundisha mwanawe wa kiume. Kila akimkalisha, Bwanaheri husinzia. Msichana aliyekuwa akipepeta mchele pembeni ndiye aliyekuwa akijibu. Mzee akachoka kujidanganya, akamkabidhi binti ile fimbo ya kupimia kivuli na kitabu cha majedwali, akamwambia asimwambie mtu, maana watu wana maneno. Basi maneno hayakuwepo, na sifa nazo hazikuwepo.

Kisa chenyewe kilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Mumewe Mwanamkasi, Mwishehe, mfanyabiashara wa mbata za nazi, alifariki magharibi ileile mwezi wa Mfunguo tano ulipoandama. Walikuwa hawajajaaliwa mtoto. Mwishehe alikuwa mtu mwema, akila akilala, na ile fimbo ya kivuli mkewe aliyoisimika uani hakuwahi kuing'oa. Kaka yake, Bwanausi, hakuwa hivyo. Huyu alikuwa na wake wawili na macho ya watatu, na huyo wa tatu ni mjane wa nduguye. Matanga hayajaanuliwa, keshaanza kupita akikagua kuta za nyumba ya marehemu, akisema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Hapa ukuta utavunjwa. Uani tutajenga jiko jingine." Mwanamkasi alimsikia akiwa amekaa mkekani na nguo yake nyeupe, asiyeruhusiwa kutoka wala kumjibu. Alimchukia.

Siku hiyo ya mia na tano, shangazi yake aliingia na barua mkononi. Bi Mwaija alikuwa mkazi wa Unguja, aliyevuka maji kuja kumtunza mpwa wake mpaka eda iishe. "Mwanamkasi wee," alisema, "nikikusomea hii usipige kelele, jirani wasije wakadhani amekufa mwingine."

Barua ilitoka kwa Maalim Sharifu wa Unguja, mtu wa falaki anayejulikana pwani yote. Alikuwa na wakfu wa kulisha na kufundisha wanafunzi wawili kwa miaka mitatu. Wangesoma vitabu, wangeshika rubu, kile chombo cha robo ya duara chenye uzi na risasi cha kupimia nyota, na mwishoni angewapa ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Mmoja alikwisha mpata Tanga. Wa pili alikuwa akimtafuta kila mji anaopita. Wanawake wangesoma nyuma ya pazia, kama wanavyosoma wengine kwake. Sharti lilikuwa moja: mwanafunzi ahojiwe na yeye mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya watu, asije akatumiwa hesabu ya mtu mwingine. Angefika Bagamoyo Jumatano, awahoji watu Alhamisi asubuhi, na baada ya adhuhuri apande lori kwenda Dar es Salaam kuwahi meli.

"Utakaa kwangu Malindi ya Unguja," Bi Mwaija alisema. "Chumba ninacho. Bwanausi na avunje ukuta mpaka achoke."

Mwanamkasi hakupiga kelele. Aliuliza, "Alhamisi ipi, shangazi?" Alipotajiwa, akili yake ilikwisha fika kabla ya neno kwisha. Eda ni miezi minne na siku kumi, nayo hufuata mwezi mwandamo. Yake ingekwisha jua likitua siku ya kumi ya Mfunguo tisa. Mwezi ukionekana ile Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Mfunguo nane, angekuwa huru Jumatano magharibi. Usipoonekana, mwezi ungetimia siku thelathini, naye angekuwa huru Alhamisi magharibi, wakati Maalim Sharifu yuko njiani na mavumbi ya lori.

Siku moja tu! Alimweleza kaka yake hivyo hivyo, Bwanaheri alipokuja kumjulia hali. Bwanaheri alikuna ndevu. Alimpenda dada yake huyu, na aibu ya lile jina jekundu ilikuwa ikimtafuna miaka mingi. "Ukiipata nafasi," alisema, "nitakuruhusu mbele ya watu wote na Bwanausi atanyamaza. Lakini ukikosa, mdogo wangu, mimi sina la kumjibu. Nyumba ni yao, na kwangu unakujua, chumba kimoja na watoto sita."

"Nimeelewa, kaka."

"Basi tuombe mwezi uonekane."

Alipoondoka, Mwanamkasi alifungua kitabu cha baba yake akaitafuta ile Jumapili. Alihesabu mara moja. Akahesabu tena kwa njia nyingine, akitafuta kosa kama mtu anavyotafuta sindano iliyodondoka kwenye mchanga. Jibu halikubadilika: Jumapili ile, mwezi ungetua dakika ishirini na mbili kabla ya jua. Si mawingu, si macho mabovu, usingekuwepo mbinguni. Mtu hawezi kuona kilichokwisha kuzama.

Hapa ndipo ninapomlaumu, japo nampenda. Alipaswa kumwita kaka yake siku ileile na kumwambia. Badala yake aliikunja karatasi, akaitia motoni chini ya chungu cha uji. Alijiambia huenda kitabu kimezeeka, huenda baba alikosea kunakili. Alijua vizuri kwamba baba hakukosea. Ila ukifungiwa ndani miezi minne, na nje kuna mtu anapima kuta, hata wewe ungechoma karatasi.

Jumapili ikafika, na wingu zito lilikuwa limetanda magharibi tangu alasiri. Watu wachache walitoka kutazama. Nani anahangaika na Mfunguo tisa? Hakuna kufunga wala kufungua. Walisimama kidogo, wakarudi kwao.

Baada ya isha Bwanaheri aliingia akihema, uso umemwiva kwa furaha. "Umeandama!" alisema. "Nimeuona mimi, na Kibwana wa Mlingotini ameuona pamoja nami. Wingu lilipasuka kidogo tu, likafunga. Tumekwenda kwa imamu, tumekula kiapo. Kesho ni mwezi mosi."

Mwanamkasi alimtazama. Kaka yake hakuweza kumtazama.

"Mmeuona?" aliuliza.

"Ulikuwepo nyuma ya wingu, Mwanamkasi. Sisi tumeusaidia tu kutoka." Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayeomba asiulizwe tena.

Ya Rabi! Ametoa ushahidi wa uongo, na amemwapia Mungu, kwa ajili yangu, Mwanamkasi aliwaza. Na angejua nilichokijua asingethubutu. Ulimi ulimwinuka kusema, ukarudi chini. Alisema, "Ahsante, kaka," na usiku huo hakupata usingizi hata lepe.

Jumatano magharibi alitolewa eda. Wanawake walimwogesha, wakamvalisha kanga mpya, wakamfukiza udi, na kila mmoja akamwambia anang'aa. Yeye aliwaomba wafunge mlango. Bi Mwaija alidhani ni hofu ya mtihani, akampa tangawizi.

Alhamisi asubuhi walimpeleka katika chuo cha Kurani nyuma ya msikiti, akaketi nyuma ya pazia pamoja na shangazi yake. Upande wa pili walikuwa imamu, wazee watano sita, Bwanaheri na Kibwana, na Bwanausi pia, aliyesema amekuja kusikiliza tu. Alikuwepo pia kijana mmoja kutoka Saadani, mtahiniwa mwenziwe Mwanamkasi. Maalim Sharifu alikuwa mtu mdogo mwenye sauti ya mikwaruzo na subira nyingi. Alimhoji kijana kwanza. Kijana hakuwa mbumbumbu, ila alikwenda polepole, na mara mbili alirekebishwa.

"Haya, binti Mwinyijuma. Baba yako nilimjua kwa barua. Sasa ni zamu yako."

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Kivuli cha alasiri leo hapa Bagamoyo?"

Akamjibu. Akaulizwa kibla, akajibu. Akaulizwa jedwali la baba yake lina kasoro gani, na hapo alijisahau kabisa, akasema kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka kumi kuulizwa. Alieleza kwamba watu wa pwani huhesabu mwaka wao kwa miongo, siku kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka, na mwaka huo hauna siku ya nyongeza. Kwa hiyo kila miaka minne jedwali hulitangulia jua kwa siku moja, na lile la baba yake, lililoandikwa miaka arobaini nyuma, limepotea mwongo mzima. Yeye amelisahihisha kwa kivuli cha uani, mwaka hadi mwaka.

"Nani kakuonyesha hilo?" Maalim Sharifu aliuliza.

"Jua lenyewe, maalim."

Mzee alicheka kwa raha. "Masha Allah! Nimetoka Tanga sijalisikia jibu kama hili. Basi lile la mwisho, niende zangu nikiwa na furaha. Unguja wameanza mwezi huu Jumanne. Nafika hapa naambiwa nyinyi mmeanza Jumatatu. Hukumu si yangu, mashahidi wakishaapa wameapa. Mimi nataka hesabu. Jumapili, jua lilipotua Bagamoyo, mwezi ulikuwa wapi?"

Mwanamkasi hakuhitaji kuhesabu. Alilijua jibu kama anavyolijua jina lake. Ng'ambo ya pazia alimsikia kaka yake akikohoa, kisha Kibwana akakohoa. Akilisema, wanaume wawili wangekuwa waongo waliomwapia Mungu. Muadhini asingepanda tena kuadhini, na watoto sita wangekula nini? Naye mwenyewe angekuwa nini? Mjane aliyeketi mbele ya wanaume huku eda haijaisha, akijua haijaisha. Asipolisema, asingekuwa mtu wa falaki. Njia ya tatu haikuwepo. Aliitafuta, wallahi aliitafuta, mpaka shangazi yake akamgusa goti.

"Ulikuwa juu, maalim," alisema. "Ulitua dakika ishirini na mbili baada ya jua."

"Alhamdulillahi!" Bwanaheri alipaza sauti, asiweze kujizuia. "Si nilisema? Hata hesabu imeukuta!" Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kibwana akapumua kwa nguvu.

Maalim Sharifu akawashukuru watu, akasoma dua, na akatangaza kwamba nafasi amempa kijana wa Saadani. Bwanausi alisimama wa kwanza, akajikung'uta kanzu. "Haya, shughuli imekwisha," alisema. "Twende, tuna mazungumzo ya nyumbani."

Watu walipokuwa wakitafuta viatu, Maalim Sharifu alisogea karibu na pazia, akanong'ona. "Binti, sikutaka kuwaaibisha mashahidi wenu. Jumapili mwezi ulitangulia kutua. Namba umeipata barabara, dakika ishirini na mbili, ila umeiweka baada badala ya kabla. Kosa hilo akilifanya mtu, siwezi kumpa chombo changu. Hukuliona?"

Angeweza kumwambia. Neno moja tu, naye mzee angelielewa. Lakini swali la pili lingekuwa eda yako inakwisha lini, na Bwanaheri na Bwanausi walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka pale.

"Sikujua, maalim," alisema.

"Soma tena, inshallah," mzee akasema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko yote.

Lori liliondoka saa nane. Wao walirudi nyumbani kwa miguu alasiri, kaka mbele na dada nyuma. Bwanaheri alikuwa na huzuni na furaha kwa pamoja, asijue aanze na ipi. "Nafasi umeikosa, na mimi naumia," alisema. "Lakini umenisafisha, mdogo wangu. Watu walikwisha anza kunong'ona. Na lile jedwali la mwezi ujao, utaniandikia leo?"

"Kesho, kaka. Leo bado niko edani."

Bwanaheri alisimama, akageuka. "Edani wapi tena? Si umetoka jana?"

Mwanamkasi alimtazama usoni mpaka kaka yake akaelewa, akafumba mdomo kwa kiganja. Kisha dada akampita, akaongeza mwendo. Jua lilikuwa bado liko juu, na alitaka zile saa zilizobaki hadi magharibi azimalizie ndani, mlango umefungwa.