Njia ya Kwenda Ziwani Inapita Mlangoni kwa Mama

Admin, naomba ukiiweka hii uondoe jina langu. Kuna watu wa Morogoro wengi humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mluguru, nimepanga hapa mjini na nauza kwenye duka la dawa za mifugo. Nina mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu, nitamwita Zena, anaishi na mama yangu kule milimani. Nilimpata nikiwa bado shule. Nina mchumba pia, nitamwita Elia, na Elia hajui kama Zena ni mwanangu.

Elia ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Singida, mpole sana. Siku za mwanzo aliona picha ya Zena kwenye simu yangu akaniuliza, "Huyu nani?" Nikajibu, "Mdogo wangu wa mwisho." Kabla yake nilikuwa na mwanaume ambaye aliposikia nina mtoto aliacha kupokea simu zangu, ndiyo maana jibu lile lilinitoka haraka. Nikajiambia tukizoeana nitamweleza. Tukazoeana. Wazee wake wakaja kuposa nyumbani kwa kaka yangu hapa mjini, mama akashuka kuwapokea, nikasema mdogo wangu yuko shule. Miaka miwili imepita hivyo. Sasa ndoa yetu imeshatangazwa kanisani mara mbili, tangazo la tatu ni Jumapili hii.

Mwezi uliopita Elia aliona kwenye ramani ya simu doa dogo la maji juu kabisa kwenye milima ya kwetu, katikati ya msitu. Akanionyesha. Ni ziwa dogo, tulikuwa tunaenda kuchota maji yake tukiwa watoto, na njia yake inaanzia nyuma ya nyumba ya mama. Nilipomwambia hilo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Alifurahi mno. Kwao maziwa yako mjini, yanaonekana kutoka barabarani, hajawahi kuona la kufichwa na miti. Akachukua karatasi akapanga safari ya Jumamosi hii: kuondoka asubuhi, bodaboda mpaka barabara inapoishia, kupumzika kwa mama mkwe, kupanda taratibu, kula chakula ziwani, kurudi kabla jua halijazama. "Ni matembezi ya siku moja, mepesi," akasema. "Hata dada yangu na kitambi chake atafika." Akamwalika huyo dada yake kutoka Dodoma na walimu wenzake wawili.

Nilijaribu kuzuia. Nilisema goti linaniuma, akanichongea fimbo. Nilisema njia inateleza, akaninunulia viatu vya kupandia. Nilisema twende kwenye maporomoko ya maji, ni karibu zaidi, akacheka, "Huko kila mtu anaenda." Kila kisingizio nilichotoa, yeye alikigeuza kuwa njia ya kunirahisishia safari.

Mtaniuliza kwa nini nisimwambie tu. Siku moja walimu walikuwa wanaongea habari za mwenzao aliyegundua mkewe alimficha mtoto. Elia akasema, "Mtoto si tatizo. Miaka yote hiyo kuishi na mtu usiyemjua, hilo ndilo siwezi." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikanywa mpaka kikaisha bila kuinua macho.

Jumapili iliyopita nilipanda kwa mama peke yangu, nimwombe ampeleke Zena kwa shangazi yake Mikese Jumamosi hiyo ya safari. Kijijini hakuna anayeniita jina langu, wote wananiita Mama Zena. Nilisalimiwa hivyo mara tano kabla sijafika mlangoni, na kila salamu ilinionyesha kwamba kumwondoa mtoto peke yake hakutoshi.

Mama alinisikiliza huku anamenya ndizi. Akasema, "Mimi nilikubali kunyamaza kwa sababu uliniambia ni kwa muda. Wageni wakija nitawapikia. Lakini nikiulizwa, sitamkana mjukuu wangu. Nimezeeka, mwanangu, siwezi tena."

Zena alikuwa jikoni, amesikia yote. Huwa ananiita dada. Tulimfundisha hivyo mwaka ule nilipompata Elia, tukamwambia ni kwa sababu ya kazi yangu. Akatoka, akasimama karibu na mlango, akasema bila kulia, "Nitaenda Mikese. Na majirani nitawaambia mimi, wakuite jina lako siku hiyo. Wakikuita Mama Zena mchumba wako atajua."

Sisi tulikuwa tumetaja wageni tu. Nikamuuliza, "Nani amekwambia habari za mchumba?"

"Hakuna. Nilijua tangu mliponifundisha kukuita dada."

Mama aliacha kumenya, akaangalia pembeni. Mimi nilishindwa hata kumshika mkono mtoto wangu. Nilisema "Asante," basi, neno hilo tu, kama vile amenisogezea kiti. Niliteremka mlima nikiwa nimepata nilichokifuata, na sijawahi kujichukia kama siku ile.

Juzi mama amenipigia. Zena ameshapita kwa majirani nyumba kwa nyumba, na wote wamekubali. Sasa hakuna kitu cha kuzuia safari. Elia kila jioni ananisomea orodha ya vitu vya kubeba, nami naitikia.

Nikimwambia kabla ya Jumamosi, huenda tangazo la Jumapili lisisomwe na kanisa zima lijue kuna jambo. Nikinyamaza, tutapita kwa mama, tutakula ndizi alizopika, tutapanda mpaka ziwani tupige picha, na mwanangu atakuwa Mikese anahesabu saa mpaka tushuke, ili aruhusiwe kurudi kwao.

Ndugu zangu, matusi nayastahili, lakini mkimaliza naombeni na ushauri. Elia nimwanzie wapi? Na Zena, ambaye hajaniomba chochote, nikamwambie nini?