Kikombe cha Mjomba

Kila Jumapili baada ya misa, Josephina humpigia simu mdogo wake Severini, na shikamoo ikishaitikiwa huuliza swali lilelile: "Figo yangu inaendeleaje?" Haulizi habari za Severini mwenyewe, wala za mkewe, wala za vyerehani vyake viwili pale Mwembesongo mjini. Figo kwanza. Severini hujibu kwamba haijambo na inamsalimu, kisha wote wawili hucheka. Huu ni mwaka wa tatu tangu madaktari waitoe kwa dada na kuipandikiza kwa mdogo wake, na Josephina bado anaiongelea kama binti yake aliyeolewa mjini.

Severini hana ubishi na hilo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, uso umemvimba, hana nguvu hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Leo anashona suti za maharusi, anapanda kilima cha Kinole, kijijini kwa dada yake, kwa miguu yake, na amenenepa kiasi cha kuilaumu mikanda ya siku hizi. Sharti lake ni vidonge tu: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, maisha yake yote, vya kuuzuia mwili usiishambulie figo ya mtu mwingine. Na vidonge hivyo, alikuja kugundua, vina wivu. Havitaki kuchanganywa na kitu hovyo hovyo.

Aliyemfungua macho ni Sabra, mfamasia wa duka la dawa analochukulia vidonge vyake. Mwaka wa kwanza Severini alishikwa na kikohozi, akanunua dawa kwenye kibanda cha jirani, na kwa bahati nzuri akampigia Sabra kabla ya kumeza. Sabra alimwambia amsomee jina la pakiti herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Mzee wangu, hiyo rudisha. Itafanya vidonge vyako vijazane kwenye damu, na vikizidi ni sumu kwa figo ileile unayoilinda. Njoo nikupe nyingine." Tangu siku hiyo Severini ana kadi kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwenye nailoni, na Sabra amemwandikia humo vya kuepuka: dawa fulani za kikohozi na za fangasi, dawa kadhaa za maumivu, mizizi na majani yoyote hata ukipewa na mtu anayekupenda. Mstari wa mwisho una neno moja tu. Balungi.

Hapo ndipo Severini alipofanya ujinga wake.

Maana mbalungi mkubwa kuliko yote Kinole uko nyuma ya nyumba ya Josephina, na ulipandwa na marehemu mama yao. Kila msimu Josephina humtumia mdogo wake kiroba kizima, yale mekundu ndani, yenye uchungu mtamu. Sasa mtu amekupasulia ubavu akakupa figo, utaanzaje kumwambia matunda yake huyataki? Severini alishindwa. Alipokea, akashukuru, akasifu utamu wake, kisha akampelekea rafiki yake Fidelis mwenye mashine ya kusaga. Misimu miwili mfululizo. Pombe aliweza kumwambia dada kwamba ameacha. La balungi alilimeza, na ndicho kitu pekee kinachohusu mabalungi alichokimeza.

Basi mwezi wa nane ikafika siku ya kumuaga Irene, binti wa Josephina, anayeolewa Gairo. Severini ndiye aliyemshonea gauni, na ndiye mjomba. Katika ukoo wa mama yao binti haondoki nyumbani mpaka mjomba, ndugu wa mama yake, anywe kikombe cha kwanza mbele za watu na kumpa binti anachobakiza. Miaka yote kikombe hicho kilikuwa cha pombe. Josephina, kwa mapenzi yake, alikuwa amekaa akafikiria.

"Wote mnajua mdogo wangu hanywi tena," aliwaambia wageni, akiwa amebeba kikombe kwa mikono miwili. "Nikasema, nisimtese. Nimemkamulia kitu cha afya. Na dumu la lita tano la kwenda nalo mjini lipo jikoni."

Severini alikipokea. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Harufu ilimfikia kabla kikombe hakijafika kidevuni. Pombe iliyokuwa imeondolewa kwa ajili ya afya yake ingekuwa na nafuu kuliko hiki. Irene alikuwa amepiga magoti mbele yake na gauni lake la rangi ya zambarau, akisubiri. Mpiga ngoma aliinua mkono tayari kwa vigelegele.

Alimwogopa dada yake, tusifichane. Angeweza kugusisha midomo tu na kujifanya amekunywa. Lakini kuna lile dumu jikoni, na baada ya dumu kuna msimu ujao, na ule utakaofuata. Uongo wake ulikuwa umeshaanza kuota matawi. Tena aliona aibu. Figo hii iliyomfanya aufiche ukweli kwa adabu ndiyo ileile ambayo adabu ingeiua.

"Dada," alisema, "siwezi kunywa hiki."

Josephina alidhani hakusikia vizuri. "Ni balungi, Severini. Ni la mama."

"Najua. Linavichochea vile vidonge vyangu, vinazidi kwenye damu, vinaiunguza figo. Hata glasi moja. Ninalo kwenye kadi." Akaitoa kadi mfukoni, akampa. Josephina alisoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasoma tena, na watu waliona taya lake likikaza.

"Hii kadi ni ya lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mabalungi yangu ya mwaka juzi? Na ya mwaka jana?"

Kutoka safu ya nyuma Fidelis, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, alisimama na kofia mkononi. "Yalikuwa mazuri sana, Mama Irene. Tulikula mpaka wanangu wakanenepa."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Josephina hakucheka. Macho yalimjaa machozi, na Severini angepewa nafasi ya kuchagua angechagua kofi.

"Ningekuua leo," alisema polepole. "Kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya mtoto. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishanipa kikubwa. Sikujua namna ya kukukatalia kidogo."

Josephina alijipangusa uso kwa ncha ya khanga. Alimtazama bintiye aliyekuwa bado amepiga magoti, kisha kikombe. Wazee wa ukoo walianza kunong'onezana; mjomba asipokunywa, binti anaondokaje?

Severini alilisikia hilo swali. Akapiga moyo konde, akakirudisha kikombe mikononi mwa dada yake.

"Mjomba anakunywa kwa sababu yeye na mama wa binti ni tumbo moja," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Mimi na wewe tumezidi hapo. Nusu ya kinachoniweka hai ni yako. Kunywa wewe, Dada. Kikipita kwako, kimepita kwangu."

Wazee walitazamana. Mkubwa wao alitikisa kichwa kukubali, kisha akacheka, akakubali tena.

Josephina alimsogelea mdogo wake, akamwekea kiganja upande wa chini wa tumbo, pale penye kovu la figo, juu ya koti la suti. Mkono wa pili ukainua kikombe. Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, mpaka nusu. Kisha akainama akampa bintiye.

"Mjomba wako ameshakunywa," alisema. "Malizia, mwanangu, inuka."