Nilijenga upya website yangu, nikaogopa kuifungua isichakae

Wakuu, nawasalimu kutoka Gatsata, Kigali, mimi Mtanzania wenu wa spea za magari. Haya ni ya kweli tupu. Chumvi nimetia ile ya kuonja tu.

Nianze na aibu. Kwa miaka mitatu niliamini kwamba mwenye website akiifungua mwenyewe mara nyingi, inachakaa.

Kama tairi!

Aliniambia Bosco, tuliyesoma naye kompyuta masomo ya jioni. Eti kila website ina idadi yake ya kufunguliwa na mwenyewe, ukiimaliza mtandao unakutupa mkiani. Aliongea kwa uhakika, mshikaki mkononi. Utabishana vipi na mtu mwenye mshikaki?

Basi yangu nikaitunza kama suti ya harusi. Haiguswi.

Na ilikuwa kituko. Nembo inazunguka mpaka unashikwa na kichefuchefu. Huduma kumi na nne: ushauri wa biashara, MC wa harusi, hadi kufundisha gitaa (gitaa sina). Halafu picha yangu ya mahafali, joho na kofia, kubwa kama lango la uwanja wa mpira.

Wageni? Mama mkwe. Basi.

Ila kazini nina tabia moja. Kaunta ikitulia naandika visa nyuma ya karatasi za oda. Kama fundi aliyetafuta mlio wa ajabu kwenye gari siku mbili nzima, kafungua injini yote, kumbe kuku kalala chini ya kiti cha nyuma.

Mke wangu Chantal, aliyekulia Bujumbura, akavisoma. Alicheka mpaka kikombe kikamponyoka.

"Baba Nina, kazi yako ndiyo hii. Hiyo gitaa uache."

Kisha akanipa sharti. Nipate wasomaji kumi wasio ndugu kabla jua halijazama siku ya umuganda wa mwezi huo, ile Jumamosi ya usafi wa mtaa. Nikikosa, website nafunga, na jioni zangu zote niende dukani kwake Rwezamenyo kukunja vitenge.

Wakuu, vile vitenge ni vingi kuliko watu wa Kigali.

Nikabomoa kila kitu! Nembo nje, gitaa nje. Juu kabisa nikaweka visa vyangu ishirini. Chini yake kisanduku cha newsletter: andika email, upate barua yangu kila Jumamosi.

Picha tu ndiyo ilinishinda kufuta. Joho lile nililitafuta miaka minne, natoka kazini na grisi kwenye kucha naingia darasani.

Nikarusha hewani. Nikatuma link kwa wateja, mafundi, majirani, hata padri. Kila atakayejiunga, taarifa itanijia kwenye simu. Website yenyewe sikuifungua tena. Isichakae!

Siku ya kwanza, sifuri. Siku ya tano, sifuri. Ijumaa Chantal akaanza kunifundisha kukunja.

Jumamosi ya umuganda tuko mtaroni na majembe, akanisogelea jirani, Mama Keza, fundi wa simu Nyabugogo.

"Wewe Baba Nina, unatuita tusome halafu unatufungia mlango?"

"Mlango gani tena?"

"Kwa simu, picha yako imefunika kitufe cha kujiunga. Nabonyeza, nabonyeza, nabonyeza kofia tu! Mara tatu nimejaribu. Wewe hukuona?"

"Nitaonaje, Mama Keza? Siifungui. Nahofia itachakaa."

Akaegemea jembe, akanitazama. Alichonijibu nitawaambia mwishoni.

Kazi ilipoisha nikakaa kwenye nyasi, nikafuta ile picha kwa simu. Mama Keza akajiunga wa kwanza. Akaita wenzake wa mtaroni, wakaita mafundi wangu. Simu ikalia kama king'ora!

Kumi na mmoja!

Wa kumi na moja ni Chantal, huyo simhesabu. Kumi kamili, na vitenge nimeviepuka.

Nilichojifunza: weka mbele maandishi yako, joho litundike ukutani nyumbani. Na ifungue website yako kwa simu, kama mgeni. Nani mwingine aliwahi kumeza uongo mkubwa hivi? Semeni hapa, msiniache na aibu peke yangu.

Na Bosco, kama unasoma, hili ndilo jibu la Mama Keza pale mtaroni, bila hata kucheka:

"Baba Nina, website haichakai. Fungua tu, uangalie."