Shingo ya Fadumo

Mwaka wa 2003, mgongo wa Burale ulijulikana mji mzima wa Noonkopir. Ulimkamata akiwa kule Kisaju, akipakia mbuzi kwenye lori, na tangu siku hiyo aliulizwa hali na wachinjaji, na imamu, hata na jirani yake Nanjala akianika nguo.

Shingo ya mkewe Fadumo haikuuliziwa na mtu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameinamia cherehani ya mkono, juu ya meza fupi, akishona sare za shule. Sasa maumivu yalitoka shingoni, yakashuka begani, yakaishia vidoleni. Wiki iliyopita sindano ilimtoboa kidole asijue, mpaka alipoona damu kwenye kola nyeupe. Akaifua kola, akanyamaza. Kazi ile aliijenga mwenyewe, na Burale angesikia tu, angemwambia aiache.

Hospitalini Kajiado, Fadumo alikompeleka mumewe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke kijana, Adero. Alimwambia Burale alale kifudifudi ampime mgongo. Burale akashika fimbo yake kama mtu anayeondoka.

"Wewe ni kama binti yangu, lakini mwanamke hanigusi."

"Sawa, mzee. Mwanamume aliye karibu ni askari wa geti. Nimwite?"

Fadumo alicheka ndani ya mtandio. Wakakubaliana: Adero amwonyeshe Fadumo, Burale atazame, kisha afanye mwenyewe.

Fadumo akajilaza kwenye mkeka.

"Viwiko chini ya mabega, mama. Inua kifua, kiuno kibaki chini. Pumua."

"Hiyo ni mchezo," Burale alisema kutoka kitini. "Mimi naswali mara tano kwa siku. Nainama kuliko hiyo."

"Swala usiache, mzee. Lakini mbuzi unainama, swala unainama, sahani unainama. Ni lini mgongo wako unarudi nyuma?"

Adero akamgeukia Fadumo. "Sasa tazama juu kidogo."

Fadumo alipoinua uso, kitu kama umeme kilimpita hadi vidoleni. Kiwiko kikateleza, kidevu kikagonga mkeka.

Adero akapiga magoti. "Hii ilianza lini?"

Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini: nimeteleza tu. Alikuwa amelitumia miaka miwili. Ni wanawake wangapi wa mji ule waliowapeleka waume zao hospitali, wao wenyewe wakirudi na maumivu yao nyumbani? Fadumo akakaa, akajipangusa kidevu.

"Miaka miwili. Vidole viwili vimekufa ganzi. Wiki jana nilijishona."

"Na hukuniambia?" Burale aliuliza.

"Ungesema niache cherehani."

Burale alifungua kinywa. Ni hayo hasa aliyotaka kusema. Akakifunga.

Adero alimpima nguvu za mkono, akamgusa vidole kimoja kimoja. "Kaa wima. Vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama unamkwepa mtu aliyekula kitunguu. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mkono ukianza kulegea, njoo mara moja umwone daktari."

"Na kushona?"

"Shona. Lakini meza iinuke, na kila nusu saa usimame."

Jioni hiyo Burale alileta matofali manne, akainama kuinua meza.

"Wee! Na huo mgongo?" Fadumo alimkemea, akamwita Nanjala. Wanawake wawili wakainua, mmoja kila upande, Burale akiyasukuma matofali kwa mguu na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

Kesho yake Fadumo alishona kola ikiwa karibu na kifua chake. Shingo bado iliuma, na ganzi haikuondoka kwa siku moja. Burale alikuwa mkekani, kifua juu ya viwiko, akihema.

"Mama Keynan," alimwita mkewe, "nusu saa imefika. Simama."

Fadumo alimtazama. Burale hakuwa amesema aache. Akamaliza mshono kwanza, ndipo akasimama.