Mbele Haishiki

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alinipeleka kwenye lori lililokuwa limeingia muda huo huo kutoka Urambo na tumbaku, akaonyesha ngoma ya breki, lile bakuli la chuma lililo ndani ya gurudumu. “Shika hapo,” akasema. Nikashika, nikaungua, karakana nzima ya Ng'ambo, hapa Tabora, ikaangua kicheko. “Ndiyo breki hiyo, mjomba,” akaniambia huku ananimiminia maji vidoleni. “Mwendo wote wa lori umegeuka moto. Hukuambiwa hivyo shuleni?” Nilikuwa nimeambiwa, ila sikuwa nimeunguzwa.

Miaka ile kazi yetu ilikuwa malori. Dereva akifika na kusema breki haishiki, tulijua la kufanya bila kumhoji: tunafungua, tunabadilisha kilicholika, tunakaza. Lori lenye shehena halikutusumbua sana, maana uzito wa marobota unayakandamiza matairi na barabara inayashika. Lori tupu ndilo lilikuwa na vituko. Ukilikanyagia breki za nguvu kwenye changarawe, magurudumu yanasimama kabisa na lori lenyewe linaendelea na safari yake. Dereva anazungusha usukani, lori halimsikii. Tuliliona jambo hilo kila kiangazi na hatukulipa jina.

Mwenye malori, ambaye sote tulimwita Tajiri, alikuwa na ugonjwa wa mashindano ya magari. Akanunua gari la mbio lililokwishatumika, la kiti kimoja, lenye bawa mbele na bawa nyuma, akatuchukua hadi nchi jirani kwenye uwanja wa lami. Dereva alimtoa kwetu: Shabani, aliyekuwa akiendesha malori ya tumbaku na ambaye hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mguu. Nilimpenda Shabani kama ndugu. Ile ilikuwa nafasi yake pekee ya kutoka kwenye malori, naye alijua.

Mabawa ya gari lile hayakuwa ya kuliinua. Yalikuwa yamegeuzwa, upepo ukiyapiga yanalikandamiza gari chini. Kadiri unavyokimbia ndivyo linavyogandamana na lami, kama lori lililopakiwa. Kwa hiyo ukiwa kwenye spidi kubwa unaweza kukanyaga breki kwa nguvu zako zote na magurudumu yasisimame. Lakini hapo hapo spidi inashuka, na upepo unaondoka upesi kuliko spidi yenyewe: spidi ikibaki nusu, mkandamizo unabaki robo. Ni sawa na lori linaloshushwa marobota huku wewe bado umekanyaga breki. Mguu uliokuwa sahihi mwanzoni unakuwa mzito mno mwishoni. “Nakanyaga kama naua nyoka,” Shabani alinieleza, “halafu naachia taratibu, kama namwekea mtoto kichwa kwenye mto.”

Mashindano ya pili alichelewa kuachia akavunja pua ya gari. Tajiri hakugomba. Alisema mbele yetu sote, “Ukivunja nyingine, Shabani, utashuka na atapanda mwingine.”

Siku ya mazoezi ya mashindano yaliyofuata aliingia kwenye kituo chetu cha mafundi anahema, akafunua kioo cha kofia. “Mbele haishiki!” akapiga kelele. “Mwisho wa kona ya chini, mbele haishiki kabisa!”

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa malori tangu ujana. Aliinama, akazungusha skrubu inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, akaiongezea mbele. Mimi nilikuwa nafunga tairi la nyuma, nikasikia kila neno, na hata kwangu maana ilikuwa moja tu: breki za mbele ni dhaifu. Shabani akatoka.

Hakurudi. Tulimkuta kwenye kona ya chini, mzima, amekaa kando ya gari, na pua imezama kwenye ukuta wa matairi. Tairi la mbele lilikuwa limelika upande mmoja, bapa kama limepigwa randa. Fundi Mkuu aliligusa, kisha akatembea kurudi nyuma akifuata alama nyeusi barabarani. Mwanzo wa breki, ambako upepo ulikuwa bado mwingi, hapakuwa na alama yoyote. Zilianza karibu na kona. Nilimwona akivua kofia.

Kumbe Shabani hakusema breki haishiki gurudumu. Alisema tairi halishiki lami, kama lile lori tupu kwenye changarawe. Breki za mbele zilikuwa zimezidi tayari, nasi tukaziongeza.

“Kosa ni langu, Tajiri,” Fundi Mkuu alisema jioni hiyo. “Kijana hana hatia.”

“Naamini,” Tajiri akajibu. “Lakini nilikwishasema.”

Akapanda mwingine. Shabani alirudi Tabora kwa treni, na wahuni wa mjini wakambatiza jina la Bwana Ukuta. Hakugusa usukani tena, si wa lori wala wa bajaji. Fundi Mkuu amefariki. Mimi nimestaafu, na vijana walioshika karakana nimewaachia agizo moja: dereva akikwambia haishiki, usiinue spana kabla ya kumuuliza, haishiki nini? Wanalifuata. Hilo halinipunguzii majuto, maana mtu niliyempenda tulimharibia maisha kwa haraka yetu ya kusaidia.

Mwezi uliopita nilimfuata shambani kwake Itetemia. Tulikaa tukimenya karanga, na nikasema nililokuwa nimelibeba miaka yote.

“Shabani, ungesema tairi zinateleza, tusingegusa breki.”

Aliendelea kumenya.

“Fundi, nilikuwa nimetoka kwenye spidi ile, moyo uko mdomoni. Nikasema mbele haishiki. Hicho ndicho Kiswahili nilichonacho, na ndicho mlichokuwa nacho ninyi. Wewe ungesema nini?”

Nilitafuta jibu hadi karanga zikaisha. Ningesema hivyo hivyo.